Pipi za Warusi, majina ya Waitaliano

Leo naomba tuiweke siasa pembeni kidogo tuongee mambo ya tumbo. Mkivumilia hadi mwisho mtaona siasa yenyewe haiko mbali.

Kuna boksi la chokoleti limetua hapa ofisini kwetu, Dar es Salaam, moja kwa moja kutoka Urusi. Limeletwa na jamaa yangu anayesoma Moscow, kwenye kile chuo ambacho kaka zetu na baba zetu wengi walipita. Kilianzishwa mwaka 1960, mwaka 1961 kikapewa jina la Patrice Lumumba baada ya yule ndugu yetu wa Kongo kuuawa, mwaka 1992 jina likaondolewa, na mwaka 2023 likarudishwa. Hilo la majina kuondoka na kurudi likumbukeni, maana leo mada yangu ni majina.

Boksi lenyewe ni zuri jamani, acheni utani. Karatasi ngumu inayong'aa, utepe wa dhahabu, picha ya kijiko kimezama kwenye kitu cheupe kama wingu. Ndani kuna pipi ishirini na nne zimelala kwenye vitanda vyao, aina sita, nne nne. Jina la kiwanda naliweka kapuni kwa sababu sikuja hapa kugombana na kiwanda. Na kusema kweli, viwanda vinavyofanya hivi ni vingi, si Urusi peke yake.

Kilichonivutia ni orodha ya ladha iliyoandikwa nyuma ya kifuniko. Pipi hizi haziitwi kwa majina ya pipi. Zinaitwa kwa majina ya vitamutamu vinavyoletwa mezani baada ya chakula kwenye hoteli kubwa: tiramisu, chizikeki ya stroberi, panna cotta, krem-bryule, Black Forest, na ya sita inaitwa medovik. Kwa hiyo hapo mezani una Italia mara mbili, Marekani, Ufaransa na Ujerumani. Mrusi mwenyewe yuko kwenye kona ya chini kushoto, na hiyo medovik yake, keki ya asali ya matabaka ambayo kwao inauzwa karibu kila mgahawa.

Sasa mimi ni mwandishi wa habari, na mwandishi wa habari akiambiwa jambo hulipima. Nikafanya jaribio la kienyeji. Nilificha kifuniko kwenye droo, nikawaita wenzangu sita, nikazikata pipi vipande nikawapa bila kuwaambia jina, kila mtu aseme anachokisikia mdomoni. Kisayansi halina uzito wowote, lakini nilicheka mpaka mhariri akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini.

Tiramisu: "Pipi ya kahawa." Watu watano kati ya sita. Wa sita alisema "pipi ya kahawa iliyokaa karibu na pombe".

Chizikeki ya stroberi: "bablishi". Dada mmoja wa dawati la michezo aliitema kwa adabu kwenye tishu.

Panna cotta: "maziwa ya unga". Na mmoja akafafanua, "yale tuliyokuwa tunaiba kabatini tukiwa wadogo, unalamba kiganja." Hiyo aliisema kwa mapenzi, naomba ieleweke hivyo.

Krem-bryule: "tofi". Wote sita, bila kusita. Na wote wakataka nyingine.

Black Forest: "dawa ya kikohozi ya watoto". Hapa palikuwa na ubishi mdogo kuhusu ni dawa ipi, lakini kwamba ni dawa ya kikohozi hakuna aliyepinga.

Ya mwisho, medovik. Mzee wetu wa matangazo, mwenyeji wa Tabora, aliitafuna polepole akafumba macho. Akasema, "Hii ni asali. Tena asali iliyopita kwenye moto." Wengine watano nao wakasema asali.

Hapo ndipo nilipokaa chini nikaanza kufikiri. Aina sita, na ni moja tu iliyotambuliwa kwa kile inachodai kuwa. Nayo ni ile ya nyumbani kwao.

Kabla hamjanirukia kwamba natafuta maana kwenye pipi, ngoja nieleze kwa nini imekuwa hivyo, kwa sababu sababu zenyewe zinajulikana.

Tiramisu ni kitu kibichi. Asili yake ni kaskazini mashariki mwa Italia, na mgahawa mmoja wa mji wa Treviso uitwao Le Beccherie ndio unaotajwa zaidi kwamba uliiweka kwenye orodha yake ya vyakula mwanzoni mwa miaka ya 1970, ingawa watu wa mkoa jirani wa Friuli nao wanaidai. Inatengenezwa kwa biskuti ndefu zilizochovywa kwenye kahawa, viini vya mayai, sukari, na jibini laini inayoitwa mascarpone, kisha juu inanyunyiziwa unga wa kakao. Utamu wake uko kwenye ubichi huo: biskuti iliyolowa, jibini la baridi, kakao chungu inayokupalia ukipumua vibaya. Uiache juani Kariakoo saa mbili, hutaila tena.

Pipi ya boksi inatakiwa ikae dukani miezi kadhaa bila kuharibika. Ili ikae hivyo, ndani yake kusiwe na maji mengi, kwa sababu penye maji ndipo vijidudu vinapostawi. Kwa hiyo kinachowekwa ndani ni mafuta, sukari nyingi na maziwa ya unga. Mafuta na sukari ni vilevile katika pipi zote. Kinachobadilika kati ya "Italia" na "Ufaransa" ni matone machache ya harufu na rangi kidogo. Ulimi wenyewe unajua mambo machache tu: tamu, chumvi, chungu, uchachu, na ule utamu wa supu ya nyama. Mengine yote tunayoyaita ladha ni kazi ya pua. Ndiyo maana ukiwa na mafua kila kitu kina ladha ya karatasi. Mwenye kiwanda anajua hilo, anaiuzia pua yako.

Lakini harufu haitoshi. Krem-bryule halisi ya Kifaransa, ambayo maelezo ya upishi wake yalichapishwa na mpishi François Massialot mwaka 1691, raha yake ni kuvunja. Unagonga kwa kijiko lile gamba la sukari iliyounguzwa, linapasuka kama kioo, chini yake unakuta uji wa mayai na krimu uliopoa. Panna cotta raha yake ni kutetemeka kwenye sahani ukiisogeza. Utaiwekaje tetemeko ndani ya pipi? Huwezi. Unaweka jina.

Nilimpigia jamaa yangu wa Moscow anisomee viambato, maana herufi zao mimi zinanitoa jasho. Kanuni ya lebo ni kwamba kinachotajwa kwanza ndicho kilichozidi kwa uzito. Cha kwanza sukari. Cha pili mafuta ya mimea. Kakao inakuja baadaye, imechoka. Halafu mwishoni kabisa, kwenye tiramisu, kuna maneno ambayo jamaa alinitafsiria huku anacheka: "kionjo cha tiramisu". Yaani si kahawa, si jibini, ni kionjo cha tiramisu. Kwenye medovik kuna "asali halisi". Kidogo, lakini ipo. Mzee wa Tabora hakuwa anabahatisha.

Jamaa akanifundisha jambo jingine ambalo wanunuzi wa kule wanalijua. Kwenye lebo za Urusi kuna tofauti kati ya pipi iliyofunikwa kwa "glazuri ya chokoleti" na iliyofunikwa kwa "glazuri ya kikonditari". Ya kwanza imetengenezwa kwa siagi ya kakao. Ya pili siagi ya kakao imetolewa na nafasi yake kushikwa na mafuta mengine ya bei nafuu. Kwa macho zinafanana, zote ni kahawia na zinang'aa. Mdomoni ndipo zinapoachana. Siagi ya kakao huyeyuka kwenye nyuzi joto 34 hivi, chini kidogo ya joto la mwili wako, ndiyo maana chokoleti ya kweli ikifika ulimini inaondoka yenyewe bila kuaga. Ile nyingine mara nyingi inabaki imeganda kwenye kaakaa kama nta ya mshumaa. Sisi watu wa pwani tunacho kipimo cha bure kabisa: chokoleti ikipita Dar es Salaam mwezi wa pili, bila friji, ikafika bado imesimama wima, iulize maswali. Si ushahidi kamili, lakini ni sababu ya kufungua faili. Boksi letu lilisimama wima.

Sasa tuje kwenye hoja. Wakati nazisoma habari za hawa Warusi na pipi zao, nilishangaa kuona kwamba zamani hawakuwa hivi kwenye majina. Walikuwa na ustadi wa ajabu.

Kiwanda maarufu kuliko vyote Moscow kilianzishwa na Mjerumani, Ferdinand Theodor von Einem, aliyefungua kijiduka chake mtaa wa Arbat mwaka 1851. Baada ya mapinduzi serikali ikakitaifisha mwaka 1918, na mwaka 1922 kikaitwa Krasny Oktyabr, yaani Oktoba Nyekundu. Mkisikia hapo mtadhani jina la mapinduzi liliuza. Wapi! Kwa miaka kadhaa iliyofuata karatasi za pipi ziliendelea kuandikwa kwa chini kwamba hiki ni kiwanda kilichokuwa Einem, kwa sababu wanunuzi walikuwa wanaliamini jina la zamani. Serikali iliyomfukuza bepari ikalazimika kuliacha jina lake kwenye pipi.

Halafu angalieni pipi zenyewe zilivyoitwa. Kuna Mishka Kosolapy, "Dubu Matege", yenye picha ya dubu msituni iliyotoka kwenye mchoro wa Ivan Shishkin wa mwaka 1889 ulioko kwenye jumba la Tretyakov. Kuna Belochka, "Kindi", na kindi kama mjuavyo ni mla kokwa, basi ndani kuna kokwa zilizosagwa. Kuna Kara-Kum, jina la jangwa la Turkmenistan. Kuna Alyonka, ya miaka ya 1960, yenye uso wa mtoto aliyefunga kitambaa kichwani, jina la kike la kawaida kama sisi tungesema Asha.

Na bora kuliko zote, kuna Ptichye Moloko, "Maziwa ya Ndege". Hiyo asili yake ni Poland, kiwanda cha Wedel mwaka 1936, Wasovieti wakaichukua mwishoni mwa miaka ya 1960. Kisha katika miaka ya 1970 mpishi Vladimir Guralnik na wenzake, kwenye mgahawa wa Praga hapo hapo Moscow, wakaigeuza kuwa keki. Siri yao ilikuwa agar-agar, kitu kinachogandisha kinachotolewa kwenye mwani mwekundu. (Akina mama wa Paje na Jambiani, mnaona mwani unakofika? Wa kwenu unatoa kitu kingine, karajinani, lakini ni ukoo huo huo na kazi ni hiyo hiyo ya kugandisha.) Watu walipanga foleni barabarani kwa ajili ya keki hiyo.

Oneni akili iliyomo humo. Ndege hana maziwa. Ukiita pipi yako "Maziwa ya Ndege", hakuna mtu duniani anayeweza kukwambia umekosea, kwa sababu hakuna aliyewahi kuyaonja. Pipi inajitegemea. Inaamua yenyewe maziwa ya ndege yana ladha gani, na wewe ukishaila, basi kuanzia siku hiyo maziwa ya ndege ndiyo hayo. Dubu naye hakuahidi kwamba utasikia ladha ya dubu, Mungu apishe mbali. Lakini ukiita pipi "tiramisu" umejiwekea deni. Umemwambia mteja kuna kitu mahali fulani, kizuri kuliko hiki, na hiki ni kivuli chake. Aliyewahi kula tiramisu atakucheka. Ambaye hajawahi atadhani tiramisu ni pipi ya kahawa, na hapo umewakosea wawili, mteja na Muitaliano.

Kuna kichekesho kingine cha juu zaidi. Tangu Agosti 2014 Urusi ilipiga marufuku vyakula vingi kutoka Ulaya na Marekani, kujibu vikwazo vilivyotokana na mgogoro wa Ukraine, na marufuku hiyo imekuwa ikiongezwa mwaka hadi mwaka. Jibini za Italia zimo. Kwa hiyo mascarpone ya Kiitaliano inazuiwa mpakani, lakini jina "tiramisu" linapita na kuingia kwenye kila boksi. Jina halihitaji viza. Na msidhani peremende ni kitu cha watoto tu kwenye ugomvi huo. Julai 2013, kabla hata mgogoro haujalipuka, Urusi ilizuia peremende za Roshen, kampuni ya Petro Poroshenko ambaye mwaka uliofuata akawa rais wa Ukraine. Sababu iliyotolewa ilikuwa ubora. Baadaye, mwaka 2022, ikaja vita kamili na watu wakaacha kuongea habari za pipi. Nalitaja hili ili mtu asiniambie nakuza mambo. Chakula na majina yake ni mambo ambayo nchi zinayachukulia kwa uzito.

Haya, upande wa utetezi nao usikilizwe. Rafiki yangu mmoja, mtu wa mauzo, aliniambia: "Wewe unaongea kama mtu aliyeshiba." Alinieleza hivi. Mwanafunzi wa mji mdogo huko Siberia hana nauli ya kwenda Treviso. Kwa bei ya boksi moja anapata kulitamka neno tiramisu, analiweka mezani siku ya kuzaliwa ya mama yake, na mama anafurahi. Kule, anasema, boksi la chokoleti kwanza ni zawadi, kula ni baadaye. Unampelekea mwalimu wa mwanao, daktari aliyekutibu, karani aliyekuharakishia karatasi zako. Boksi jingine linazunguka nyumba tatu bila kufunguliwa. Kwa hiyo jina zuri na utepe wa dhahabu ndiyo bidhaa yenyewe. Hapo kwa karani nilitabasamu, maana na sisi tunalo neno letu kwa boksi la namna hiyo, na wenzangu wa kalamu wanaijua bahasha.

Hoja yake ina uzito, sitaki kuidharau. Ndoto ni haki ya kila mtu, na tofi ile iliyoitwa krem-bryule ilikuwa tamu kweli. Nayo ina historia yake: Wasovieti walikuwa na aiskrimu yao iliyoitwa krem-bryule, yenye ladha ya maziwa na sukari iliyounguzwa, na vizazi kadhaa vimekua vinajua hiyo ndiyo krem-bryule. Kwa hiyo pipi ile haikuiga Ufaransa, iliiga utoto wa Kirusi. Na ndiyo maana ilikuwa nzuri! Mtengenezaji alikuwa anajua anachokitafuta. Zile mbili zilizopendwa hapa ofisini, medovik na krem-bryule, ni zile ambazo fundi wake alishawahi kuzila nyumbani kwao. Zile nne zilizobaki zilitengenezwa na mtu aliyesoma neno kwenye katalogi ya vionjo.

Hapo ndipo linapotufikia sisi, wadau.

Urusi haioti mkakao hata mmoja, baridi haliruhusu. Kakao ya dunia zaidi ya nusu inatoka Ivory Coast na Ghana. Sisi tunayo yetu, si nyingi, lakini inasifika: Kyela ndiyo inayoongoza, halafu Rungwe na Busokelo, na bonde la Kilombero. Miaka michache iliyopita bei ya kakao ilipanda kama ina wazimu. Desemba 2024 soko la New York lilivuka dola 12,000 kwa tani, wakati miaka miwili kabla ilikuwa kwenye dola 2,500 hivi. Mwaka 2025 ikaporomoka tena. Kakao ikipanda namna ile, kiwanda chochote duniani kina njia mbili: apandishe bei, au apunguze kakao aongeze kitu kingine. Na ukishapunguza kakao, utauza nini? Utauza jina. Kadiri kakao inavyopungua ndani ya pipi, ndivyo jina linavyorefuka juu ya boksi. Kwa mkulima wa Kyela, kila "kionjo cha tiramisu" ni nafasi ambayo kakao ilikuwa ikae.

Lakini kuna njia nyingine, na mfano wake upo. Mbingu, kule Kilombero, kuna kampuni inaitwa Kokoa Kamili, tangu mwaka 2013 inanunua kakao mbichi kwa wakulima wadogo, inaivundika na kuikausha kwa uangalifu, inawauzia watengenezaji wa chokoleti wa nje. Mmoja wao ni Dandelion wa San Francisco. Chokoleti yao ya kakao hiyo ina vitu viwili tu: kakao na sukari. Na jina lililoandikwa mbele ya karatasi ni hilo hilo, Kokoa Kamili, Tanzania. Mmarekani anasimama dukani analitamka neno la Kiswahili. Hakuna tiramisu, hakuna kijiko kwenye wingu. Wanachouza ni mahali kakao ilikotoka, na wanauza ghali kuliko pipi za boksi.

Swali langu kwenu vijana wenzangu mnaofikiria kufungua vijiwanda, na wapo tayari hapa mjini wanaotengeneza chokoleti kwa kakao ya nyumbani: mtaziitaje? Nauliza kwa sababu naona tunakoelekea. Ukienda mkahawa wa kisasa hapa Dar utakuta keki ya "red velvet", utakuta "tiramisu", kahawa yenye sharubati ya "hazelnut" kutoka kwenye chupa. Ukienda dukani utakuta juisi "yenye ladha ya chungwa" isiyo na chungwa hata la kusingiziwa, katika nchi ambayo msimu ukikolea machungwa ya Muheza yanaozea chini ya miti. Ugonjwa ni uleule wa boksi langu. Tumejifunza kuuza kivuli cha kitu ambacho mti wake uko nyuma ya nyumba.

Na mimi ningependa kuliona boksi letu. Aina sita, nne nne, kama la Mrusi. Ya kwanza halua ya Zanzibar, yenye iliki na zafarani. Ya pili kashata ya nazi, iliyounguzwa kidogo pembeni. Ya tatu kahawa chungu ya vijiweni, ile ya kwenye birika la shaba, pamoja na tangawizi. Ya nne ubuyu, kwa ule uchachu wake, maana chokoleti inapenda uchachu. Ya tano asali ya Tabora, ile ya miombo yenye moshi ndani yake. Ya sita karafuu, kidogo tu, isije ikageuka dawa ya meno.

Ila kuna sharti moja, na hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni: tusije tukaagiza "kionjo cha halua" kwenye chupa kutoka ng'ambo. Hilo linawezekana kabisa, tena ni rahisi na nafuu, na siku moja mtu atalifanya. Atachukua sukari, mafuta ya kupoza, matone mawili ya harufu ya iliki, juu ataweka picha ya mlango wa Zanzibar na utepe wa dhahabu. Mgeni ataonja uwanja wa ndege na kusema, "Kumbe halua ni pipi ya iliki." Tukifika huko, afadhali tuendelee kuuza kakao ghafi, walau kakao haidanganyi.

Boksi la kweli litakuwa na shida zake. Nazi inachacha, asali inavuta maji, halua inanata. Litakaa dukani wiki chache, si miezi. Litakuwa ghali kiasi, na mtu wa mauzo atakwambia umechanganyikiwa. Lakini ukimfumba macho mtu wa Tabora, wa Tanga au wa Pemba ukampa aonje, atakwambia ni nini bila kuuliza, na pengine atakwambia na nani alikuwa akimpikia. Kwangu mimi hicho ndicho kipimo pekee cha ladha. Fumba kifuniko, toa pipi, uliza.

Warusi waliowahi kuuza maziwa ya ndege walikuwa wanaijua kanuni hii. Wajukuu wao wa boksi langu wameisahau kwa pipi nne kati ya sita. Sisi bado hatujaanza, na asiyeanza ana bahati ya kuchagua.

Zimebaki chache, zote Black Forest na chizikeki. Mwenye kikohozi apite ofisini.

Naomba kuwasilisha.